Dawa Bila Maelezo ni Nusu ya Dawa

TANGU tulipopata Uhuru mwaka 1961, Taifa letu limekuwa vitani na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapana mwalimu wala mtumishi wa umma asiyewafahamu. Lakini tumezoea kuwahesabu mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja anakaa katika ngome yake. Ujinga tumewakabidhi walimu, maradhi tumewakabidhi waganga na wauguzi, na umaskini tumewaachia wakulima na wapanga mipango. Ukweli ni kwamba maadui hawa husaidiana, na mahali pamoja ambapo msaada wao waonekana waziwazi ni kwenye dirisha la dawa la zahanati.

Hebu tulitazame dirisha hilo. Mgonjwa ameamka alfajiri, ametembea mwendo mrefu, amesubiri kwenye benchi, amepimwa na kuandikiwa cheti. Sasa amefika mwisho wa safari. Mkono unatoka dirishani ukiwa na bahasha tatu ndogo. Sauti inasema: "Hizi moja mara tatu, hizi mbili mara mbili, hii usiku. Mwingine!" Mgonjwa anasema ahsante na kuondoka. Shughuli yote haikuchukua hata nusu dakika. Katika daftari la zahanati imeandikwa kwamba mgonjwa huyo ametibiwa.

Je, ametibiwa kweli? Makala haya yanasema hapana, bado. Mgonjwa huyo amepewa nusu tu ya matibabu. Nusu ya pili ni kuelewa dawa hiyo ni ya nini, inamezwaje, kwa siku ngapi, pamoja na chakula gani, itamletea mabadiliko gani mwilini, na ni dalili zipi zikimtokea arudi haraka. Nusu hiyo haipakiwi katika katoni wala haisafirishwi kwa lori la Bohari ya Dawa. Huitoa muuguzi kwa kinywa chake. Asipoitoa, au asipowezeshwa kuitoa, dawa iliyonunuliwa kwa fedha za umma huweza kuwa hasara, na mara nyingine huwa sumu.

TUMEHESABU MAJENGO

Ieleweke kwamba makala haya hayakusudii kubeza yaliyotendwa. Nchi hii imefanya mengi ambayo nchi nyingi maskini hazikuyathubutu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 huduma za afya zilielekezwa vijijini, waliko wananchi wengi. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, sisi tulikuwa miongoni mwa waliouelewa mapema ujumbe wake: nchi maskini haihitaji maelfu ya dawa zenye majina ya kupendeza, bali yahitaji dawa chache zilizothibitishwa, zimfikie kila mtu. Katikati ya miaka ya 1980 masanduku ya dawa muhimu yalianza kupelekwa hadi kwenye zahanati kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Mwaka 1993 ikatungwa sheria iliyounda Bohari ya Dawa. Na mwaka 2023 imetungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Hayo yote ni mema. Lakini sisi wenyewe, viongozi, watumishi na waandishi, tumejenga mazoea ya kupima maendeleo kwa vitu vinavyohesabika. Twataja zahanati zilizojengwa, vitanda vilivyoongezwa na shilingi zilizotengwa kwa ajili ya dawa. Ni nadra kumsikia kiongozi akisimama mbele ya wananchi na kuuliza: wagonjwa wangapi waliotoka hapa wiki hii walijua namna ya kumeza walichopewa?

Swali hilo si geni. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, ambalo ndilo msingi wa fikra za afya ya msingi duniani, liliorodhesha mambo 8 ambayo kila nchi haina budi kuwapa watu wake. Upatikanaji wa dawa muhimu ulitajwa mwishoni. Jambo lililotajwa kwanza kabisa lilikuwa elimu. Sisi tumeyashughulikia yote mawili, lakini hatujayakutanisha ipasavyo pale yanapotakiwa kukutana, yaani mkononi mwa mgonjwa.

"KUTWA MARA TATU"

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa "2 x 3". Kwa muuguzi, alama hizo zina maana moja tu: vidonge 2, mara 3 kwa siku. Lakini mwalimu wa darasa la tatu anajua kwamba amewafundisha watoto kusoma alama hizo hizo kwa maana nyingine: 2 mara 3 ni 6. Mtu mzima aliyejifunza hesabu hiyo akimeza vidonge 6 kwa pamoja, tumlaumu nani? Amesoma sawasawa kama alivyofundishwa.

Chukua pia maneno "kutwa mara tatu". Kutwa, katika Kiswahili chetu, ni tangu jua lichomozapo hadi litakapotua. Mwenye kuifuata lugha kwa unyoofu atameza dawa asubuhi, adhuhuri na magharibi, kisha usiku kucha mwili wake utakaa bila kitu. Ilhali kwa dawa kama amoksilini, inayopambana na vijidudu, inayotakiwa ni nafasi iliyo sawa ya saa 8 hivi kati ya dozi na dozi. Na ukijaribu kusahihisha kwa kusema "meza kila saa 8", umezusha tatizo jingine, kwa maana kwetu saa 8 ni alasiri, wakati wanafunzi wanaporejea nyumbani. Mtu huyo atameza dawa yake mara moja tu kwa siku, saa 8 mchana, naye ataamini kwamba ametii.

Haya si mambo ya kuchekesha. Dawa ikiingia mwilini hupanda katika damu, kisha hushuka taratibu, kwa kuwa ini huivunjavunja na figo huitoa kwa mkojo. Mwili ni kama mtungi unaovuja: usipoongezwa maji kwa wakati, kiwango hushuka. Kikishuka chini ya kile kinachotakiwa, vijidudu vilivyokuwa vinakufa hupata nafasi ya kupumua, na vile vyenye ukaidi zaidi ndivyo vinavyobaki na kuzaana. Kikizidi, dawa humdhuru yule yule iliyekusudiwa kumponya. Parasetamoli, ambayo kila nyumba inaijua, ina kikomo: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Wengi hawajui kwamba dawa nyingi za mafua zinazouzwa madukani zina parasetamoli hiyo hiyo ndani yake. Mtu humeza ya kichwa, akaongeza ya mafua, na ini lake ndilo linalolipa.

MIFANO KUTOKA KWENYE BAHASHA

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya wataalamu. La hasha. Hebu tuzipitie dawa chache ambazo hutolewa kila siku katika zahanati zetu, tuone jinsi neno moja la muuguzi linavyotofautisha kupona na kutopona.

Dawa ya mseto, inayotibu malaria, ilianza kutumika rasmi hapa nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza ina nguvu na wepesi. Huua vimelea wengi kwa saa chache, kisha hutoweka mwilini upesi. Ya pili huenda polepole, nayo hukaa siku nyingi ikiwamaliza waliosalia. Dozi kamili ni 6, zikimezwa kwa siku 3. Sasa tazama hatari iliyopo. Kwa sababu ile ya kwanza ni nyepesi, mgonjwa siku ya pili huamka hana homa, anakula, anataka kwenda shamba. Asiyeelezwa ataona amepona. Vidonge vilivyobaki ataviweka kwenye dirisha kwa ajili ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Aidha, ile dawa ya pili hufyonzwa vyema panapokuwa na mafuta tumboni. Mwenye kuimeza kwa maji matupu, bila uji wa karanga wala maziwa wala mboga iliyoungwa, huipoteza sehemu kubwa.

Na namna ya kumweleza mgonjwa ni rahisi iwapo muuguzi amefundishwa kuitafuta lugha yake. Badala ya kumwambia "dozi ya pili baada ya masaa manane", ataitazama saa ukutani na kusema: "Mama, sasa ni saa 4 asubuhi umemeza hapa mbele yangu. Utameza tena leo saa 12 jioni. Kesho asubuhi na usiku. Keshokutwa asubuhi na usiku. Hapo ndipo utakuwa umemaliza, hata kama utajisikia mzima kesho."

Mama mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu. Asipoambiwa kwamba choo chake kitakuwa cheusi, atashtuka na kuviacha. Asipoambiwa kwamba chai ya rangi inazuia madini ya chuma kufyonzwa, atavimeza kwa kikombe cha chai kila asubuhi, miezi yote, na damu yake itaongezeka kidogo mno. Angeambiwa avimeze kwa maji, na ale chungwa, asingelipa hata senti moja zaidi.

Mgonjwa wa kifua kikuu humeza rifampisini, nayo hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Ni jambo lisilo na madhara. Lakini mtu anayeona mkojo mwekundu, ambaye hakuna aliyemtahadharisha, ataamini kwamba anakojoa damu na kwamba dawa ya hospitali inamuua. Dawa hiyo hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke asiyeambiwa hilo atapata mimba asiyoitarajia katikati ya matibabu.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini nyumbani pasipo na jokofu anaweza kuihifadhi katika chungu cha udongo kinachowekwa maji, kikakaa kivulini. Elimu hiyo haina gharama. Na yule anayemeza vidonge vya kushusha sukari akafunga Ramadhani bila kurekebishiwa dawa na wakati wake, huweza kuanguka kabla ya magharibi. Anayejua hilo ataonana na mganga wake kabla mwezi haujaandama.

Mtoto anayeharisha hupewa chumvichumvi ya kuchanganya na lita 1 ya maji, pamoja na vidonge vya zinki vya siku 10. Kuhara kunaweza kukoma siku ya tatu. Mama asiyeelezwa atakoma naye siku hiyo hiyo, na kinga ambayo zinki ingempa mtoto wake kwa miezi ijayo itapungua.

MKASA WA NYUMBANI

Mwandishi wa makala haya ana shangazi, mkulima, ambaye miaka michache iliyopita aliambiwa kwamba ana shinikizo la damu. Alikwenda kituoni kwa sababu ya kuumwa kichwa. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akaambiwa ameze kimoja kila siku kisha arudi. Baada ya wiki mbili kichwa kiliacha kuuma. Shangazi, ambaye maisha yake yote amefundishwa kutopoteza kitu, alivifunga vidonge vilivyobaki kwenye kitambaa na kuvihifadhi, ili kichwa kikirudi asiwe na haja ya kutembea tena mwendo ule.

Kichwa hakikurudi. Kilichokuja, miezi kadhaa baadaye, ni kiharusi. Mkono wake wa kuume leo hauwezi kushika jembe. Vidonge vile vilikutwa vimefungwa vizuri kwenye kitambaa chake, havijapungua hata kimoja tangu siku aliyovifunga.

Kituo kile sikitaji, kwa maana kosa halikuwa la mtu mmoja. Muuguzi aliyempa dawa alitenda kama mamia ya wenzake wanavyotenda, akiwa na watu wengi nyuma ya dirisha. Hakumdanganya wala hakumtukana. Ila sentensi moja tu haikusemwa: kwamba shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu, kwamba vidonge vile si vya kichwa bali ni vya moyo, ubongo na figo, na kwamba kujisikia vizuri ni ishara ya kuendelea navyo. Kwa kukosekana sentensi hiyo, Taifa limepoteza nguvukazi ya mkulima, na familia imepata mgonjwa wa kuuguza.

Wako watakaosema kwamba wakulima wetu hawajasoma, ndiyo maana hawafuati masharti ya dawa. Huko ni kujidanganya. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wanaofuata sawasawa matibabu ya muda mrefu ni wastani wa nusu tu. Kwa hiyo tatizo si ujinga wa mkulima. Binadamu yeyote, mwenye shahada au asiyejua kusoma, huacha kitu asichokielewa sababu yake.

MADHARA YA UMMA

Isitoshe, dawa iliyomezwa vibaya haimdhuru mwenye kuimeza peke yake. Sisi tuliowahi kumeza klorokwini tunakumbuka uchungu wake na kuwasha kwake. Ilikuwa rahisi na ilitibu mamilioni. Lakini vimelea viliizoea, na mwaka 2001 nchi ililazimika kuiacha. Dawa iliyoshika nafasi yake haikudumu hata miaka 6. Sasa tuna dawa ya mseto, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba mkoani Kagera wapo vimelea walioanza kustahimili kwa kiasi sehemu ya kwanza ya dawa hiyo. Dawa bado inaponya. Lakini onyo limekwisha kutolewa, nasi hatuna ghala la dawa nyingine zinazosubiri.

Hali kadhalika kwa dawa za vijidudu vingine. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya maambukizi ambayo dawa zilishindwa kuyatibu. Sababu za usugu huo ni nyingi, na matumizi mabovu ni mojawapo. Ni kusema kwamba anayekatiza dozi leo huweza kumnyima jirani yake tiba kesho. Dawa ni mali ya umma kama ulivyo msitu au kisima, na anayeitumia hana budi kufundishwa kuitunza.

TULIWAHI KUFANYA

Hatuhitaji kuagiza mfano kutoka ng'ambo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kujifunza, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao walikuwa ndio kwanza wamejifunza kusoma. Kampeni ile ilithibitisha kwamba mwananchi wa kijijini akielezwa sababu, hutenda.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, ingawa hautajwi sana. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Kwa kushirikiana na Dakta Karel Styblo na umoja wa kimataifa unaopambana na ugonjwa huo, wafanyakazi wetu wa afya walijenga utaratibu wa kuandikisha kila mgonjwa, kumwona akimeza dawa, kumfuatilia asiporudi, na kutoa hesabu ya waliopona na waliopotea. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu wa namna hiyo ulimwenguni kote. Hospitali kubwa zenye mitambo hazikuwa chanzo cha utaratibu huo. Ulitokana na daftari, na mfanyakazi wa afya aliyemjua mgonjwa wake kwa jina na kuzungumza naye. Iwapo tuliweza kufanya hivyo kwa ugonjwa mmoja mgumu, kwa nini tusiweze kwa shinikizo la damu, kisukari na malaria?

NINI KIFANYIKE

Kwanza, kumfundisha mgonjwa kuhusu dawa yake kuhesabiwe kuwa kazi, wala si hisani ya muuguzi mwenye moyo mwema. Wauguzi hufundishwa vyuoni kanuni ya mambo matano: mgonjwa aliye sahihi, dawa iliyo sahihi, kipimo, njia na wakati. Liongezwe la sita, na likaguliwe kama yale matano: mgonjwa ameelewa. Mkaguzi wa wilaya anapohesabu katoni stoo, asimamishe pia wagonjwa watatu mlangoni na kuwauliza watamezaje walichopewa. Majibu yao yatamweleza mengi kuliko daftari.

Pili, muuguzi apewe silaha. Muuguzi wetu anajifunza elimu ya dawa kwa Kiingereza, anafanya mtihani kwa Kiingereza, kisha siku ya kwanza ya kazi anatakiwa kumweleza bibi kizee kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao, mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia kwa lugha hiyo. Ndiyo maana wengi hukimbilia "moja mara tatu". Si uvivu, hawana maneno. Wizara inayohusika, vyuo na Baraza la Kiswahili la Taifa washirikiane kutoa kitabu kidogo cha Kiswahili, cha kuwekwa mfukoni, chenye dawa muhimu na yale ambayo mgonjwa hana budi kuambiwa kwa kila moja. Na mtihani wa mwisho wa muuguzi uwe na sehemu ambayo anaketi na mtu wa kawaida na kumweleza dawa mpaka aelewe.

Tatu, tuache kuuliza "Umeelewa?" Walimu mnajua thamani ya swali hilo darasani: darasa zima huitikia ndiyo, na mtihani hutoa jibu jingine. Mgonjwa naye, kwa heshima na kwa haraka ya kutoka, atasema "Ndiyo, sista." Njia iliyo bora ni ile ya mwalimu mzuri: "Hebu nieleze, bibi, ukifika nyumbani utaimezaje?" Asipoweza kueleza, kosa ni la maelezo, nayo yarudiwe. Bahasha nazo ziandikwe kwa maneno, si kwa alama za hesabu: asubuhi vidonge 2, mchana vidonge 2, usiku vidonge 2, siku 5. Kwa asiyejua kusoma, ichorwe picha ya jua na mwezi.

Nne, mgonjwa apewe faragha na heshima. Mtu anayetibiwa ugonjwa wa zinaa, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, ambazo zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, hawezi kuuliza swali dirishani huku watu 20 wakimsikiliza. Wala mzee aliyeanza kwa mganga wa jadi hatasema kwamba anakunywa pia mizizi, ikiwa anajua atagombezwa. Ilhali dawa mbili zikikutana mwilini huweza kuongezeana nguvu au kuvunjana nguvu. Muuguzi anayeuliza kwa upole atapata ukweli; anayekaripia atapata uongo, na uongo huo utamgharimu mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nasi tusiwe ndio tunaomfanya afiche.

Najua jibu litakaloletwa: wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na Serikali haina budi kuendelea kuajiri. Ni kweli pia kwamba muuguzi hawezi kusisitiza mgonjwa amalize dozi ambayo zahanati yenyewe imempa nusu kwa sababu dawa zimepungua. Maelezo mazuri hayajazi rafu iliyo tupu. Lakini uchache wa wauguzi ni sababu ya kupanga vizuri, si sababu ya kukaa kimya. Katika kliniki za mama na mtoto, kila asubuhi kabla ya kupima uzito, muuguzi huwafundisha akina mama wote kwa pamoja. Utaratibu huo huo waweza kutumika kwenye benchi la wagonjwa wengine: leo dawa ya mseto, kesho dawa za shinikizo la damu. Na dakika 3 zinazotumiwa kumweleza mtu mmoja leo huokoa siku nyingi za kitandani baadaye. Muuguzi anayewarudisha watu wakiwa wamepona atakuwa na foleni fupi kuliko anayewarudisha wakiwa na ugonjwa ule ule.

WAJIBU WETU SOTE

Mwisho, kazi hii si ya wauguzi peke yao. Mwalimu anayefundisha hesabu na aifundishe kwa bahasha ya dawa: vidonge 2 mara 3 kwa siku 5 ni vidonge 30, na havimezwi kwa pamoja. Mtoto huyo jioni atamsomea bibi yake. Mtumishi wa umma, ambaye nduguze wa kijijini humtegemea kwa ushauri, aache kuwatumia dawa kwa basi bila neno lolote. Balozi wa shina, anayejua kila kaya yake ina nani, anaweza kumkumbusha mgonjwa tarehe ya kurudi kituoni kama anavyomkumbusha tarehe ya mkutano. Redio, ambayo mwaka 1973 ilifanya kazi ya kihistoria, ina nafasi ya kuifanya tena.

Na mgonjwa mwenyewe ajue kwamba ana haki ya kuuliza. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu mbele ya mganga. Dawa iliyomo mkononi mwake imenunuliwa kwa jasho lake na la wenzake. Asiondoke dirishani mpaka ajue ameshika nini.

Shangazi yangu sasa anameza vidonge vyake kila asubuhi, bila kukosa. Mjukuu wake wa darasa la tano humpa maji na kumhesabia. Aliyemweleza sababu hatimaye alikuwa muuguzi kijana, aliyeketi naye kwenye ukingo wa kitanda cha wodi kwa muda usiozidi dakika 5. Shangazi aliyasikiliza maelezo hayo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hakuambiwa siku ile ya kwanza. Swali hilo ni letu sote kulijibu.